Somo la Dini na Mtoto Asiye na Dini katika Shule za Umma za Eastlands

Mzazi asiye na dini anayempeleka mwanawe shule ya umma Umoja au Buruburu, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hukuta machaguo matatu ya somo la dini: la Kikristo (CRE), la Kiislamu (IRE) au la Kihindu (HRE). La nne halimo. Mara nyingi hata hayo matatu huishia kuwa moja, kwa kuwa walimu wa somo la Kiislamu ni haba nje ya maeneo kama Eastleigh, na wa Kihindu ndio adimu kabisa. Basi mtoto huingia CRE, ambako Mtaala wa Umilisi unaanza na uumbaji na kumtaka athamini kwamba Mungu ndiye aliyemuumba.

Katiba ya Kenya ya 2010 imesema wazi. Ibara ya 8 inakana dini ya taifa. Ya 32 inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Je, kujibu mtihani ni kutenda? Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa kwa mara ya mwisho 2023, maswali 30 kati ya 90 ya karatasi ya Masomo ya Jamii yalikuwa ya dini. Aliyeyaruka alipoteza theluthi ya alama za karatasi hiyo. Hiyo kwangu ni shuruti, hata kama hakuna aliyeshika kiboko.

Mahakama zimesikiliza kesi za namna hii, ila za waumini. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwaunga mkono wanafunzi Waadventista kuhusu Jumamosi, siku yao ya Sabato. 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwa faida ya msichana wa Kirasta wa Kibera aliyekatazwa shule kwa ajili ya nywele zake. Wote walishinda kwa kuonyesha dini waliyo nayo. Asiye na dini ataonyesha nini? Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 755,750 wa aina hiyo, na Ibara ya 32 inaitaja dhamiri kabla ya dini.

Hata hivyo siungi mkono wanaotaka somo lifutwe. Mtoto wa Eastlands anapishana na Waakorino wenye vilemba, anasikia adhana alfajiri, na kesha za Kipentekoste humnyima usingizi. Asipofundishwa haya ataishi kama mgeni mtaani kwao. Wala kumtoa darasani hakutoshi. Sheria ya Elimu ya zamani, iliyofutwa 2013, ilimruhusu mzazi kuomba mwanawe asamehewe ibada na mafundisho ya dini. Lakini mtoto wa miaka tisa akikaa nje peke yake wenzake wakiimba, kabla ya magharibi ploti nzima inajua kwamba nyumba ile hawaombi.

Njia iliyobaki ni somo moja la pamoja kwa watoto wote. Afrika Kusini ilitenganisha kufundisha na kuamini katika sera yake ya 2003: shule ifundishe kuhusu dini mbalimbali, kuamini kuachiwe nyumbani na nyumba za ibada. Kwetu, Tume ya Elimu ya Ominde ilikuwa imekaribia hapo tangu 1964. Watakaopinga watayataja makanisa yanayofadhili shule, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inayapa nafasi katika malezi ya kiroho. Hoja hiyo ina nguvu penye shule za misheni; Eastlands shule nyingi za msingi zilijengwa na baraza la jiji kwa watoto wa wafanyakazi.

Pingamizi zito zaidi ni la mwalimu. Shemasi wa kanisa anayefundisha CRE leo ataueleza Uislamu, au kutoamini, bila kuhubiri? Bila mafunzo mapya, wengi hawataweza. Ila somo la pamoja litamwondolea mwalimu mkuu kero ya kutafuta chumba na mwalimu wa pili kila kipindi cha dini kifikapo, Waislamu huku, wengine kule.