Mganga Hajigangi: Kibaraza cha Kidahwe

Ndugu msomaji, ukitoka Kigoma mjini kuelekea bara utafika Kidahwe, kwetu. Hapo barabara inagawanyika: moja inakwenda Kasulu, nyingine Uvinza. Wengi wanapajua kwetu kwa kupita tu. Historia nayo imetupitia hivyo hivyo, imepakiwa kwenye malori na mabasi.

Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwaleta kwetu watu wengi, na serikali ikawafungulia makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye akauawa, wakaja tena. Mwishoni mwa 1996 vita vikawaka mashariki ya Kongo, iliyokuwa bado ikiitwa Zaire, na mitumbwi ikavuka Ziwa Tanganyika imejaa watu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, ya Lugufu ikafuata 1997. Mimi nilizaliwa katika msimu huo. Mama husema nilinyonya huku yeye akitazama vumbi la malori.

Hayo yote yameandikwa. Utakuta majina ya marais na hesabu za wakimbizi. Lakini yule nesi aliyepokea watoto usiku kucha, yule dereva aliyebeba maiti na unga katika juma moja, yule mkalimani, yule mchimba makaburi, habari zao ziko wapi? Wahenga walisema mganga hajigangi. Sasa nani alimganga?

Shangazi yangu alikuwa nesi katika kambi moja ya mkoa wetu tangu 1996. Alikuja Kidahwe mwisho wa mwezi, na hakuja peke yake. Walikuwa watu sita au saba: manesi, dereva, mkunga, karani wa stoo. Walikaa kwenye kibaraza cha babu, mikeka imetandikwa. Sisi watoto tulifukuzwa, na wajua mtoto akifukuzwa ndipo masikio yanapofunguka.

Utaratibu wao nilielezwa na Shangazi nilipokuwa mkubwa. Kila kikao mtu mmoja anasema jambo moja tu: mgonjwa mmoja, usiku mmoja. Jina la mgonjwa halitajwi. Wengine wanauliza, kisha msemaji ananyamaza na wenzake wanafikiri kwa sauti, wanajiuliza kwa nini jambo lile limemkaa moyoni. Hakuna kusema, "Hilo si kitu, mimi nimeona makubwa zaidi." Asiyetaka kusema asilazimishwe. Dereva, kwa mfano, alikaa karibu mwaka mzima bila kusema neno, kazi yake kupaa samaki. Mwisho wanakula ugali wa muhogo kwa migebuka, na yaliyosemwa hayavuki ua.

Nilimwuliza, "Shangazi, nani aliwafundisha?" Akacheka. "Afundishe nani, baba? Tulikuwa tunakaa matanga."

Jibu hilo limenifikirisha miaka mingi. Mtu akifiwa kwetu hukaa matanga, majirani wanalala kwake, anasemeshwa, analishwa. Lakini nesi aliyefumba macho ya watoto wanne kwa juma si mfiwa. Hana haki ya mkeka. Kesho saa moja asubuhi anatakiwa kazini, amevaa nguo nyeupe. Basi wale watu walijitengenezea matanga yao.

Kumbe mbali kabisa na sisi wengine waliwahi kufika karibu na hapo. Michael Balint, daktari aliyezaliwa Budapest mwaka 1896 na kuhamia Uingereza mwaka 1939, alianza miaka ya 1950 kuwakusanya madaktari wa kawaida katika kliniki ya Tavistock, London, pamoja na mkewe Enid. Daktari alieleza habari za mgonjwa mmoja anayemsumbua, wenzake wakazijadili. Hawakutafuta dawa. Walitafuta kujua mgonjwa yule anamfanya nini daktari, na daktari anamfanya nini mgonjwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1957, na vikundi vyenye jina lake vimeenea nchi nyingi. Sisemi Kidahwe ilimwiga Balint. Kibarazani hakuna aliyemsikia. Nasema tu kwamba anayebeba mizigo ya watu hutafuta pa kuitua, awe London au njia panda ya Kasulu.

Lakini si kila kusema ni dawa, na hapa nataka tuwe waangalifu. Tuna methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua, na wengi huielewa kwamba ukisema yote umepona. Shangazi alinisimulia kwamba baada ya usiku mmoja mbaya kambini aliletwa mtaalamu mgeni. Aliwaketisha wote siku ile ile, akataka kila mmoja aeleze alichokiona, alichonusa, alichowaza. Jioni akapanda gari akaondoka. "Alitufungua vidonda, uzi wa kushonea akaondoka nao," Shangazi alisema. Nesi mmoja kijana hakulala kwa wiki nzima, mwishowe akaacha kazi.

Zamani ningesema hayo ni maneno ya Shangazi tu. Lakini Uingereza, katika jaribio lililotangazwa mwaka 1997, majeruhi wa moto waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walipewa kikao kimoja cha kusimulia yaliyowapata, la pili hawakupewa. Baada ya miezi 13, waliosimulia wenye maradhi ya kiwewe walikuwa asilimia 26, na wasiosimulia asilimia 9. Kweli, wale walikuwa majeruhi, hawakuwa manesi, nao hawakukaa kikundi. Hata hivyo wakubwa wa dunia walisikia. Mwongozo wa mashirika ya misaada wa mwaka 2007, unaohusu afya ya akili katika majanga, unahimiza wafanyakazi watunzwe nao, ila si kwa kikao kimoja cha kulazimishana kusema. Tofauti iko katika kurudi. Kibaraza kilirudi kila mwezi, na mtu alisema kipimo anachokiweza.

Na kibaraza kilikufaje? Ndugu msomaji, usicheke. Kilikufa kwa posho. Wakubwa wa kazini walipata habari, wakapenda. Wakaleta daftari la mahudhurio, soda, posho ya kikao, na mtu wa kuandika muhtasari. Kikao cha kwanza walikuja watu ishirini. Hakuna aliyesema lolote la maana, maana nani atasema "niliogopa" mbele ya kalamu ya bosi? Cha pili vivyo hivyo. Posho ilipokwisha hakuja mtu, hata wale saba wa mwanzo.

Mwaka 2015 zamu ilikuwa yangu. Mwezi wa Mei makumi ya maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Kipindupindu kikaingia, waliougua walizidi 3,000, na watu wapatao 30 walikufa. Meli yetu kongwe, Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawaleta mamia kwa mamia hadi Kigoma. Wakapumzika uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka Nyarugusu, yakipita mlangoni kwetu.

Nilikuwa na kidato cha nne na sina kazi. Kiha na Kirundi ni ndugu, nikachukuliwa ukalimani. Sharti la ukalimani ni kusema kama msemaji: akisema "mimi", nawe sema "mimi". Basi kutwa nilikuwa nikisema: nilimwacha mtoto ufukweni, nilimwona mume wangu akianguka. Baada ya wiki mbili nikaanza kuota ndoto za watu wengine. Mtoto aliyeachwa ufukweni alikuwa wangu, mimi niliyekuwa sijaoa.

Nikaenda kwa Shangazi. Hakuniuliza mengi. Jumamosi aliwaita wawili wa zamani, yule mkunga na yule dereva, sasa ana mvi. Mkeka ukatandikwa. Nikaanza: "Nilimwacha mtoto..." Dereva akaniinulia mkono. "Hapana, kijana. Nani alimwacha?"

Nikanyamaza kidogo. Kisha nikasema, "Yeye. Yule mama. Alimwacha mtoto ufukweni."

"Haya, sasa endelea," akasema. Nikaendelea mpaka giza likaingia, na mwezi uliofuata tukakaa tena.