Unakata Springi? Safari Rally Ilikujibu Kitambo

Wasee, tuongee kuhusu hii tabia ya kushusha magari. Mtu anapata gari ya spoti ya zamani, iwe Subaru ya miaka ya tisini ama Datsun ilikuwa imelala kwa gereji ya mzee, na kitu ya kwanza anafanya ni kukata springi. Shoki zinabaki zile zile zimechoka. Picha inapigwa jua likizama, komenti zinajaa moto. Kesho yake hiyo gari inavuka bampu kiupande, polepole kama mgonjwa, na bado inakwaruza tumbo.

Sisemi gari ikiwa chini ni dhambi. Kuna nchi lami yake imenyooka kama meza, huko sawa. Lakini sisi Wakenya hatuna kisingizio, kwa sababu somo la shoki na springi za gari ya spoti lilifundishwa hapa kwetu, kwa mavumbi na matope yetu. Tatizo ni moja: tunajua historia ya barabara za Tokyo kuliko ya Naivasha.

Turudi nyuma kidogo. Safari Rally ilianza 1953, ikiitwa Coronation Safari, kwa sababu Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa anatawazwa mwaka huo. Ilikuwa inapigwa msimu wa Pasaka, wakati mvua inaweza kugeuza barabara kuwa mto, na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka wa 1963 gari 84 zilianza, zikamaliza 7 pekee. Huo ndio mwaka Nissan walikuja mara ya kwanza na Datsun zao, na hakuna hata moja ilikuwa kwa hizo saba. Aliyeshinda ni Nick Nowicki, na Peugeot 404.

Hiyo 404 ilishinda tena 1966, 1967 na 1968. Haikuwa gari ya kutisha mtu kwa spidi. Ilikuwa gari ya familia yenye springi ndefu na laini, na tairi iliyoweza kupanda na kushuka mbali sana kabla igonge mwisho. Shimo ikija, tairi inaingia na kutoka, bodi inatulia. Hiyo ndiyo siri yenyewe.

Sasa Wajapani hawakuenda nyumbani kulia. Walirudi, wakasoma barabara zetu mwaka baada ya mwaka. 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda na Datsun 1600 SSS. Halafu 1971 wakaja na kitu tofauti kabisa: Datsun 240Z. Hii ni gari ya spoti kamili, viti viwili, boneti ndefu, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita. Ilikuwa imetoka 1969, ikilengwa sana kwa soko la Marekani. Herrmann na Schüller wakashinda nayo. Shekhar Mehta, kijana aliyezaliwa Uganda, akamaliza wa pili, pia kwa 240Z. Mwaka wa 1973 Mehta akashinda yeye mwenyewe, tena kwa pointi sawa na Harry Källström wa Datsun nyingine, mpaka ikabidi sheria za kuvunja sare zitumike. Huo ndio mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali.

Tafuta picha za hiyo Datsun ya 1971, ile nyekundu yenye boneti nyeusi. Angalia nafasi kati ya tairi na bodi. Gari ya spoti, ya kushinda dunia, na imesimama juu! Porsche walielewa pia. Walipoleta 911 SC mwaka wa 1978, waliiinua mpaka ikakaa kama inavaa viatu virefu. Vic Preston Junior akamaliza wa pili nayo, na aliyemshinda alikuwa ndani ya Peugeot 504.

Kwa nini waliinua? Hapa tuingie darasani kidogo. Mimi chuo niliacha, lakini hii hesabu haihitaji cheti.

Springi kazi yake ni kubeba uzito. Shoki kazi yake ni kutuliza springi. Ndani ya shoki kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwa vitundu vidogo, na ile nguvu ya kurukaruka inageuka joto. Bila shoki, springi ingeendelea kudunda kama mpira. Kwa hivyo hivi vitu viwili ni ndoa. Huwezi badilisha mmoja bila kumuuliza mwenzake.

Ukikata springi, vitu viwili vinatokea kwa wakati mmoja. Kwanza inakuwa fupi, hiyo ndiyo ulitaka. Pili inakuwa ngumu, hiyo ndiyo hukuambiwa. Ugumu wa springi unategemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Kama ilikuwa na 8, ukakata 2, ikabaki 6, umeongeza ugumu kwa theluthi moja hivi. Sasa ile shoki ya zamani, iliyotengenezewa springi laini, haiwezi kuizuia. Na kwa sababu gari imeshuka, shoki inafanya kazi karibu na mwisho wake wa chini. Kila shimo inagonga kabisa, chuma kwa chuma.

Hapo ndipo maisha yanaingia. Tairi ikiruka juu ya lami, kwa hiyo nusu sekunde haina breki wala usukani. Kona yenye mashimo, usiku, watu wanne ndani, spidi ya mia. Hiyo si mambo ya picha tena. Tairi inayogusa barabara ndiyo kitu pekee kinachokushikilia duniani.

Basi unachagua aje? Tuseme una hiyo 240Z, ama gari yoyote ya rika lake.

Anza na barabara. Jiulize hii gari inaenda wapi siku sita kwa wiki. Kama ni mtaani kwenu na si uwanja wa mashindano, usinunue kitu ya mashindano.

Halafu pima. Springi ya miaka hamsini kwa kawaida haijawa laini, imelala tu, imekuwa fupi. Pima urefu kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, pande zote nne, ulinganishe na kitabu cha gari. Mara nyingi kurudisha kimo cha asili inatosha kukuonyesha gari ambayo hujawahi kuendesha.

Chagua springi kwanza, shoki baadaye. Na usidanganywe na rangi. Ugumu unafuata unene wa waya kwa nguvu ya nne: waya ikitoka milimita 11 ikawa 12, vingine vyote vikiwa sawa, springi imekuwa ngumu kwa karibu asilimia 42. Milimita moja tu! Uliza muuzaji namba. Kama hana namba, anakuuzia rangi.

Shoki ilingane na springi na urefu wake. Kwa 240Z, shoki ya mbele na ya nyuma inakaa ndani ya bomba la chuma, kwa hivyo unabadilisha ile ya ndani. Mafundi wazuri wanaongeza mafuta kidogo ndani ya bomba ili joto litoke haraka. Nunua mbili mbili kwa kila ekseli. Zile za mitumba kutoka Japani zinavutia kwa bei, lakini shoki ni mafuta na sili za mpira, na hivyo vitu vinazeeka hata vikikaa kwa shelfu.

Usisahau bushi na zile raba za kuzuia kugonga. Ukimaliza, peleka gari ipangwe magurudumu. Na springi iliyobanwa usiiguse kama huna kifaa chake, inaweza kuua mtu.

Pesa yako, gari yako, sikukatazi. Lakini usiniambie kushusha gari ndiyo kuheshimu utamaduni wa magari. Utamaduni wetu ni huu: dunia ilileta magari yake hapa, barabara zetu zikayavunja, wenye akili wakajifunza, wakarudi wakiwa juu, wakashinda. Wajapani walichukua miaka saba kuelewa hizi barabara. Wewe umezaliwa hapa. Unakata springi ukiiga nani?