MAZINGIRA: Sabuni ya gari yaweza kuwa salama, lakini maji yake huishia wapi?

KILA mwisho wa juma magari hupanga foleni kwenye vituo vya kuoshea magari jijini Nairobi, Kisumu, Nakuru na katika miji mingine nchini. Vijana waliovalia gambuti huyapulizia povu jeupe, wakayasugua, wakayasuuza na kisha kupaka magurudumu dawa ya kung'arisha hadi yakawa meusi tititi.

Mwenye gari huondoka akiwa ameridhika. Maji machafu nayo huondoka, ila ni wachache wanaojiuliza yanakokwenda.

Watengenezaji wa sabuni, nta na polishi za magari wametambua kuwa wanunuzi wengi sasa wanajali mazingira. Ndiyo sababu chupa nyingi madukani zimechorwa majani ya kijani na kuandikwa maneno kama 'asilia', 'rafiki kwa mazingira' au 'inaoza yenyewe'.

Maneno hayo hayakosi maana, lakini wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Madhara ya bidhaa hizi hutegemea mambo mawili: kilichomo ndani ya chupa, na mahali maji yaliyotumika yanapomwagwa. La pili ndilo lenye uzito zaidi, na ndilo lisiloandikwa kwenye chupa yoyote.

Povu na samaki

Sabuni husafisha kwa sababu kila chembe yake ina pande mbili. Upande mmoja hupenda maji na mwingine hupenda mafuta. Upande wa pili hung'ang'ania grisi, nao wa kwanza huivuta hadi ikachukuliwa na maji.

Sifa hiyo hiyo ndiyo hatari kwa viumbe wa majini. Samaki hukingwa na ute unaofunika ngozi yake na mashavu anayopumulia. Sabuni ikizidi majini huuondoa ute huo na kuyaharibu mashavu, na samaki hushindwa kupata oksijeni ya kutosha.

Dunia ilianza kulitambua tatizo hili katika miaka ya 1950, pale sabuni mpya zilizotengenezwa kwa mafuta ya petroli zilipoenea Ulaya na Marekani. Bakteria hawakuweza kuzimeng'enya kwa urahisi, na mito kadhaa ikafunikwa na povu zito. Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria mwaka wa 1961 ya kudhibiti sabuni hizo, nao watengenezaji wa Marekani wakabadilisha kemikali zao kufikia mwaka wa 1965.

Huko ndiko lilikotoka wazo la sabuni 'inayooza'. Katika kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka wa 2004, kemikali za povu zilitakiwa kuwa zimemeng'enywa kwa angalau asilimia 60 katika muda wa siku 28.

Msomaji na aitazame vyema hesabu hiyo. Sabuni nzuri kabisa huhitaji siku kadhaa, pengine majuma, mbele ya bakteria wa kutosha ndipo iishe nguvu. Mtaro wa barabarani huifikisha mtoni kwa muda mfupi sana. Kwa hivyo, sabuni inayoweza kuoza si sawa na sabuni iliyokwisha kuoza. Isitoshe, bakteria wanaoimeng'enya hutumia oksijeni ile ile ambayo samaki anaihitaji.

Kiungo kingine cha kuchunguzwa ni fosfeti, ambayo hutiwa katika baadhi ya sabuni za unga na dawa za kuondoa grisi. Fosfeti ni mbolea. Ikiingia ziwani hustawisha mwani na magugumaji. Wakazi wa Kisumu na Homa Bay hawahitaji kuelezwa maana yake, kwani gugumaji limewasumbua wavuvi wa Ziwa Victoria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mbolea hiyo hutoka mashambani na katika majitaka ya miji, lakini magari yaliyooshwa ufuoni kwa miaka mingi yameongeza mzigo juu ya mzigo.

Zaidi ya sabuni

Sabuni ya mwili wa gari ndiyo isiyo kali sana miongoni mwa bidhaa hizi. Baadhi ya dawa za kung'arisha rimu za alumini huwa na asidi ya haidrofloriki au chumvi zake. Asidi hii hupenya ngozi na kudhuru tishu na mifupa, na maumivu yake yaweza kuchelewa kuanza. Anayeitumia bila glavu huenda asijue ameumia hadi muda umepita.

Kwa injini na sehemu za chini ya gari, vituo vingi hutumia mafuta ya taa au dizeli, na wengine hupuliza oili iliyokwisha kutumika ili kuzuia kutu. Hii ni njia rahisi kwa mfuko lakini ni ghali mno kwa mazingira, kwa sababu mvua ya kwanza huiosha oili hiyo na kuipeleka mtaroni. Shirika la Marekani la kulinda mazingira, EPA, limekuwa likionya kwamba oili inayotolewa kwenye gari moja wakati wa kubadilishwa inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi, yaani takriban lita milioni 3.8.

Dawa za magurudumu ziko za aina mbili. Zipo zilizochanganywa na viyeyusho vya petroli, ambazo hutoa harufu kali na kuchafua hewa, na zipo zilizochanganywa na maji, ambazo madhara yake ni madogo zaidi.

Nta nayo ina hadithi yake. Nta ya kanauba hutokana na majani ya mnazi-pori wa Brazili, na kwa hivyo ni zao la asili. Hata hivyo, katika makopo mengi huchanganywa na viyeyusho vya petroli. Neno 'asilia' kwenye kopo laweza kuwa kweli kuhusu kiungo kimoja na lisiwe kweli kuhusu vingine.

Aidha, baadhi ya dawa za kufanya maji yateleze juu ya rangi au kioo zimetengenezwa kwa kemikali za jamii ya PFAS, ambazo huchukua muda mrefu mno kuoza. Mbili kati ya hizo, PFOS na PFOA, ziliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka wa 2009 na 2019. Kenya ni mwanachama wa mkataba huo tangu 2004.

Hata hivyo, si haki kuilaumu chupa peke yake. Uchafu wenyewe wa gari ni sumu. Ndani yake mna oili, masizi, vumbi la tairi na chembe za shaba kutoka kwa pedi za breki. Gari likioshwa kwa maji matupu bila tone la sabuni, maji yatakayotoka bado hayafai kuingia mtoni.

Safari ya maji machafu

Watu wengi hudhani kuwa kila mtaro huelekea kwenye mtambo wa kusafisha majitaka. Sivyo. Mitaro ya barabarani ilichimbwa kwa ajili ya maji ya mvua, na huyamwaga mtoni moja kwa moja bila kusafishwa.

Jijini Nairobi, mito ya Nairobi, Ngong na Mathare huyapokea maji hayo na kuyapeleka katika Mto Athi. Athi hupita Ukambani, hugeuka kuwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia Bahari Hindi kaskazini mwa mji wa Malindi. Kandokando ya safari hiyo wapo wanaonywesha mifugo, wanaomwagilia sukuma wiki na wanaochota maji ya nyumbani.

Sheria haijanyamaza. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, nayo Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, inayotekelezwa na mamlaka ya NEMA, hukataza uchafuzi wa maji. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka ukanda wa mita sita hadi 30 kutoka mtoni usiofaa kuendelezwa.

Lakini vijana wanaoosha magari hawakuchagua kazi hiyo ili kuua samaki. Wanatafuta riziki, na kuwafukuza leo kutoka kwa mto mmoja huwafanya wahamie mtaro wa pili kesho. Suluhisho la kudumu ni kuwasaidia kuosha magari mahali panapofaa.

Mahali hapo huhitaji sakafu ya saruji yenye mteremko, shimo la kuzuia tope na mchanga, na tangi la kutenganisha oili lenye vyumba kadhaa. Maji hupita humo polepole, oili ikaelea juu kwa kuwa ni nyepesi, na maji ya chini yakatoka kwenda kwenye bomba la majitaka kwa idhini ya kampuni ya maji. Oili iliyobaki hukabidhiwa wazoataka wenye leseni.

Jambo moja husahauliwa hapa. Sabuni kali mno huivunja oili kuwa vitone vidogo visivyoelea, na tangi likakosa kazi. Ndiyo sababu sabuni ya kadiri, iliyopimwa kama maagizo yanavyosema, ni bora kuliko kumimina kwa makisio.

Kwa anayeosha gari nyumbani, ndoo mbili za lita 20 zatosha kuosha na kusuuza gari dogo, ilhali mpira unaotoa lita 15 kwa dakika humwaga lita 150 kwa dakika 10. Ni heri kuliosha gari juu ya nyasi au kokoto, mbali na kisima na mtaro, na kwa sabuni kidogo isiyo na fosfeti. Injini isioshewe nyumbani kamwe.

Zipo pia dawa za kupuliza na kupangusa bila maji. Hizi hufaa gari lenye vumbi jepesi. Lenye tope litakwaruzwa rangi na chembe za mchanga.

Anaponunua, mteja asome orodha ya viungo badala ya picha za majani. Alama ya ubora ya KEBS ni ya lazima kuangaliwa, lakini ajue kwamba bidhaa kutimiza viwango hakumaanishi kuwa yafaa kumwagwa mtoni.

Zaidi ya yote, kabla ya kukabidhi ufunguo wa gari, amuulize mwenye kituo swali moja tu: maji haya huenda wapi? Wateja wakiuliza kwa wingi, wenye vituo watakuwa na sababu ya kujenga matangi. Tukingoja hadi mito ife, tutakumbuka kuwa maji yakimwagika hayazoleki.