Jinsi kampuni za setilaiti hukagua ving'amuzi vinavyotumika katika nyumba zaidi ya moja

SETILAITI irushayo matangazo ya runinga hukaa angani umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kazi yake ni kumwaga mawimbi juu ya nchi nzima, pengine bara zima. Haimjui anayeyapokea mawimbi hayo. Haijui kama king'amuzi kimewekwa sebuleni mwa mteja aliyejiandikisha, au kimebebwa na shemeji yake hadi mji mwingine.

Kwa muda mrefu kampuni zinazouza huduma hizi zimehangaishwa na jambo hilo, kwa sababu katika biashara yao neno "mteja" halimaanishi mtu. Linamaanisha nyumba. Ukiwa na runinga tatu chini ya paa moja, wewe ni mteja mmoja. Runinga hizo tatu zikiwa chini ya mapaa matatu, kampuni hudai kwamba hapo pana wateja watatu, hata kama wote ni watoto wa baba mmoja.

Mahali ambapo mvutano huu ulikuwa mkali zaidi ni Marekani. DirecTV ilianza kutoa huduma nchini humo mwaka wa 1994, na Dish Network ikafuata mwaka wa 1996. Kampuni zote mbili zilitoza bei kamili ya kifurushi kwa king'amuzi cha kwanza, kisha zikatoza ada ndogo kwa kila king'amuzi cha ziada. Katikati ya miaka ya 2000 ada hiyo ilikuwa takriban dola 5 kwa mwezi, ilhali kifurushi cha kawaida kiligharimu dola 40 hivi au zaidi.

Pengo hilo la bei ndilo lililozaa ujanja. Mtu aliagiza ving'amuzi vinne kwa jina lake, akabaki na viwili, cha tatu akampa mama yake na cha nne akampa jirani, kisha wakachangiana malipo kila mwisho wa mwezi. Katika lugha ya wafanyabiashara hao, tendo hilo liliitwa kurundika akaunti.

Walioumia si kampuni za setilaiti pekee. Wenye chaneli kama vile ESPN hulipwa kiasi fulani kila mwezi kwa kila mteja anayezipata. Nyumba nne zikijificha ndani ya akaunti moja, mwenye chaneli hupata malipo ya nyumba moja tu, na ndiyo sababu mikataba yake na kampuni za setilaiti haikuacha suala hili lijiendee hivi hivi.

Ndani ya kila king'amuzi mlikuwa na kadi yenye nambari yake. Mawimbi hurushwa yakiwa yamefungwa kwa msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde chache, na kadi ndiyo iliyoufungua. Kibali cha kufungua kilitumwa kupitia setilaiti ile ile, kikiwa kimeelekezwa kwa nambari ya kadi husika. Kwa hivyo kampuni ilikuwa na uwezo wa kukizima king'amuzi popote kilipo, lakini haikuwa na uwezo wa kujua ni wapi hapo kilipo.

Hapo ndipo simu ya mezani ilipoingia.

Nyuma ya ving'amuzi vya wakati huo palikuwa na tundu la waya wa simu. Lengo lake la kwanza lilikuwa kuuza filamu na mapigano ya ndondi: mteja alibonyeza kitufe, kadi ikaweka kumbukumbu ya ununuzi, na takriban mara moja kwa mwezi king'amuzi kikaipigia kampuni simu chenyewe na kuwasilisha hesabu. Kwa kuwa nambari iliyopigwa ilikuwa ya bure kwa mpigaji, kampuni iliyoilipia ilionyeshwa nambari ya simu iliyopiga.

Manufaa ya jambo hilo kwa mkaguzi ni dhahiri. Ving'amuzi vinne vikipiga kutoka nambari moja, viko katika nyumba moja. Kimoja kikipiga kutoka nambari ya mtaa mwingine, au kikinyamaza kwa miezi, kuna jambo la kuulizwa.

Masharti ya DirecTV yaliliweka wazi suala hili. Mteja aliyetaka king'amuzi cha ziada kwa ada ndogo alitakiwa kuviunganisha vyote kwa waya mmoja wa simu, na kuviacha vimeunganishwa daima. Kampuni ikigundua kwamba kimojawapo hakijaunganishwa kwa kawaida, ilijipa haki ya kuchunguza. Ikiamua kwamba hakiko mahali palipoandikishwa, ingeweza kukikata au kukitoza bei kamili ya kifurushi.

Ukaguzi wenyewe haukuwa wa mtu kuja mlangoni. Ulifanywa kwa simu. Mara nyingine mfanyakazi wa kampuni alimpigia mteja. Mara nyingine ving'amuzi vilizimwa na mteja akapiga mwenyewe kulalamika, asijue kwamba analalamikia mtego. Aliagizwa kwenda kwenye kila runinga, afungue ukurasa wa maelezo ya king'amuzi, kisha asome nambari za king'amuzi na za kadi moja baada ya nyingine kabla ya kukata simu. Aliyekuwa na king'amuzi kwa mama yake maili 200 kutoka hapo alijikuta hana la kusoma, na muda wa kumpigia mama huyo kwa simu ya pili ulikuwa mfupi.

Mbinu hii iliwanasa wakosaji. Hata hivyo, iliwanasa pia watu wasio na hatia yoyote, na hilo ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini.

Fikiria mteja ambaye chumba chake cha kulala hakina tundu la simu. Fikiria aliyehamia simu za intaneti, ambazo modemu ya king'amuzi aghalabu ilishindwa kuzitumia. Zaidi ya yote, mfikirie aliyeamua kwamba simu ya rununu inamtosha na akaikata ya mezani. Kufikia nusu ya pili ya mwaka wa 2016, kwa mujibu wa takwimu za serikali ya Marekani, zaidi ya nusu ya nyumba nchini humo zilikuwa na rununu pekee. Kimya cha king'amuzi kilikuwa ushahidi enzi ambapo kila nyumba ilikuwa na waya wa simu. Waya huo ulipotoweka, kimya hakikuthibitisha lolote, ila masharti yalikwisha kuandikwa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, haikuwa dhuluma kwa kampuni kudai bei kamili kwa nyumba ya pili. Tatizo lilikuwa mzigo wa ushahidi. Aliyetuhumu hakuhitaji kuthibitisha kwamba king'amuzi kimehamishwa. Aliyetuhumiwa ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba hakikuhamishwa, huku mwenzake ameshika swichi ya kumzimia runinga.

Kulikuwa pia na kundi ambalo halikuingia vizuri katika upande wowote: familia moja yenye nyumba mbili. Kila msimu wa baridi, maelfu ya wastaafu wa majimbo ya kaskazini huhamia Florida au Arizona, na Wamarekani wenyewe huwaita ndege wa theluji. Hawa hawakumgawia jirani chochote. Walibeba king'amuzi chao kwenye buti la gari kama wanavyobeba sufuria zao. Kampuni ziliwataka watoe taarifa kila wanapohama ili anwani ibadilishwe. Mkenya aliye na nyumba Nairobi na boma kule mashambani, ambaye kila Desemba hufungasha king'amuzi pamoja na unga na sukari, hahitaji kuelezwa zaidi.

Anwani ilikuwa na uzito mwingine nchini Marekani ambao hautokani na ada. Nchi hiyo imegawanywa katika maeneo 210 ya soko la runinga, na maeneo mengi yana vituo vyake vya ABC, CBS, NBC na Fox. Sheria iliyopitishwa mwaka wa 1999 iliziruhusu kampuni za setilaiti kuuza vituo vya eneo kwa wakazi wa eneo hilo. Vituo vya miji ya mbali viliruhusiwa hasa kwa nyumba ambazo haziwezi kunasa vya karibu kwa antena ya kawaida.

Mteja aliyetaja anwani ya uongo ili atazame vituo vya New York akiwa Texas alikuwa, kwa hiyo, anaiingiza kampuni yake katika matatizo na mahakama. Hayo si maneno matupu. Mwaka wa 2006 mahakama ilibaini kuwa EchoStar, iliyomiliki Dish, ilikuwa imewauzia vituo vya mbali watu wengi wasiostahili, na ikaamriwa kukomesha mauzo hayo kote nchini kuanzia Desemba 1 mwaka huo. Waliostahili nao walizimiwa pamoja na wasiostahili.

Ajabu ni kwamba teknolojia iliyoletwa kwa ajili ya vituo hivyo iliipa setilaiti jicho dogo. Kuanzia setilaiti ya DirecTV iliyorushwa Novemba 2001, baadhi ya mawimbi yalielekezwa kama miali myembamba, kila mwali ukiangaza miji michache tu. King'amuzi kilichohamishwa mbali kiliendelea kupata chaneli za kitaifa lakini kikapoteza vituo vya nyumbani. Mwenye kukitumia alipopiga simu kuuliza habari za jioni zimekwenda wapi, alijifichua mwenyewe.

Uingereza ilifuata njia hiyo hiyo ya simu. Sky, iliyoanza huduma yake ya dijitali Oktoba 1998, iliwapa wateja king'amuzi cha pili kwa ada nafuu almuradi ving'amuzi vyote viunganishwe daima na waya mmoja wa simu. Waliokiuka walihatarisha kutozwa bei kamili.

Hata hivyo, kesi iliyovuma zaidi upande huo haikuhusu nyumba mbili bali nchi mbili. Karen Murphy, mwenye baa mjini Portsmouth, alinunua kadi ya kampuni ya Ugiriki na kuitumia kuwaonyesha wateja wake mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa bei nafuu kuliko ya Sky. Alitozwa faini. Oktoba 4, 2011, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kuzuia uuzaji wa kadi za nchi moja ya Umoja wa Ulaya hadi nyingine kulikiuka uhuru wa biashara katika umoja huo, ingawa ilikiri kwamba baadhi ya vitu vinavyoandamana na mechi, kama vile nembo na muziki wa ligi, vinalindwa na hakimiliki. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu jijini London ilifuta hukumu dhidi yake. Uingereza ilipoondoka katika umoja huo, mlango ulioachwa wazi na uamuzi huo haukubaki kama ulivyokuwa.

Hapa kwetu, mbinu ya simu ya mezani isingefaulu hata kidogo, kwani nyumba nyingi hazikuwahi kuwa na waya huo. Wakenya walivuka moja kwa moja hadi rununu. DStv ilitumia njia nyingine kwa wateja wanaounganisha ving'amuzi viwili chini ya malipo ya kifurushi kimoja pamoja na ada ya ziada. Kimoja huwa kikuu na kingine huwa cha pili, na kati yao hupitishwa waya ambao mafundi huuita kwa jina la mapigo ya moyo. King'amuzi cha pili husikiliza mapigo hayo kutoka kwa kikuu. Yakikatika, nacho huacha kuonyesha chaneli.

Waya huo hauhitaji kumwuliza mteja swali lolote. Hauulizi nambari ya simu, wala haumshuku mtu kwa sababu nyumba yake haina tundu ukutani. Hupima jambo moja tu, kwamba vifaa viwili viko karibu, na hilo ndilo kampuni ilitaka kujua tangu mwanzo.

Kampuni za Marekani zilifika huko mwaka wa 2012. Dish ilileta Hopper, king'amuzi kikuu kinachopokea mawimbi yote ya nyumba, pamoja na vifaa vidogo viitwavyo Joey vinavyowekwa kwenye runinga nyingine na kutegemea Hopper kwa kila kitu. Mwaka huo huo DirecTV ikatoa Genie yenye mpango kama huo, na Sky ikafuata na Sky Q mwaka wa 2016. Kifaa kidogo kikichukuliwa hadi kwa mama, hakionyeshi chochote hata mama huyo awe na dishi juu ya paa, maana hakipokei kutoka kwa setilaiti. Mteja mpya wa mitambo hii hakuwa tena na sababu ya kuogopa simu ya mkaguzi.

Mvutano wenyewe sasa umehamia kwenye intaneti. Machi 2022, DStv iliweka kikomo kwamba akaunti moja itiririshe matangazo kwenye kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Mwaka wa 2023 Netflix, iliyokuwa imefumbia macho ugawaji wa nywila kwa miaka, ilianza kuwataka watumiaji wa akaunti moja wawe wa nyumba moja. Huitambua nyumba hiyo kwa anwani ya intaneti, utambulisho wa vifaa na namna akaunti inavyotumika. Aliye safarini akiombwa kuthibitisha, msimbo hutumwa kwa barua pepe au kwa simu ya mwenye akaunti, naye ana dakika 15 za kuuingiza.