Mzizi: matumizi yake katika usanidi wa GRUB

mzizi *nm* (wi. *mizizi*), ngeli ya U-I. 1 sehemu ya mmea iingiayo ardhini na kufyonza maji. 2 *(isimu)* sehemu ya neno ibakiayo baada ya viambishi vyote kuondolewa. 3 *(kompyuta)* mwanzo wa mti wa saraka, uandikwao kwa alama /.

Maelezo ya matumizi

Maana ya tatu huwatatiza wafasiri wa miongozo ya Linux. Katika faili la *grub.cfg*, ambalo huiongoza programu ya GRUB kuwasha mfumo, neno *root* hutokea katika nafasi mbili zenye maana mbili. Mfasiri aandikaye "mzizi" kotekote humpotosha msomaji, na huenda mfumo alioujenga kwa siku kadhaa usiwake.

Tuchukue mfano wa mtu aliyejenga mfumo wake kutokana na msimbo asilia, kwa kufuata kitabu cha Linux From Scratch, mradi ulioanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999. Mfumo umo katika kizigeu cha pili cha diski ya kwanza:

`set root=(hd0,2)`
`menuentry "Linux yangu" {`
`  linux /boot/vmlinuz root=/dev/sda2 ro`
`}`

Mstari wa kwanza ni agizo kwa GRUB yenyewe: huitajia kizigeu ambamo itayatafuta mafaili. GRUB huhesabu diski kuanzia 0, lakini vizigeu kuanzia 1. Ndiyo maana *hd0* ni diski ya kwanza, ilhali 2 ni kizigeu cha pili. Maneno *root=/dev/sda2*, kinyume chake, si agizo kwa GRUB. GRUB huyakabidhi kwa kerneli kama yalivyo, nayo kerneli huyatumia kujua kizigeu cha kupachika mahali pa /.

Maana hizi hutengana waziwazi pale */boot* inapokuwa na kizigeu chake. Kikiwa cha kwanza, tutaandika *set root=(hd0,1)*, na njia ya kerneli itakuwa */vmlinuz*; lakini *root=/dev/sda2* haibadiliki.

Dalili za kosa nazo hutofautiana. Kizigeu cha GRUB kikikosewa, GRUB hutangaza kuwa faili halikuonekana, na kerneli haipakiwi. Kikikosewa kile cha kerneli, kerneli hupakiwa, kisha husimama kwa kushindwa kupachika mfumo wa faili.

Pendekezo

- *set root*: kizigeu cha kusomea
- *root=*: kizigeu cha mzizi
- mtumiaji aitwaye *root*: mtumiaji mkuu

Si lazima neno moja la kigeni lipate neno moja la Kiswahili. Hisabati ya shuleni imekwisha kutuonyesha njia: husema *kipeuo cha pili*, wala haisemi "mzizi wa pili".

*Si sahihi:* Badilisha mzizi uwe (hd0,1).
*Sahihi:* Badilisha kizigeu cha kusomea kiwe (hd0,1). Kizigeu cha mzizi kiache kama kilivyo.

Tanbihi: Amri zenyewe hazitafsiriwi kamwe, kinachotafsiriwa ni maelezo yake.

Linganisha: *kizigeu, saraka, shina.*