Asili ya Utatanishi wa Faili za Breli katika Kompyuta

Mtu asiyeona anayetumia kompyuta hukutana mara kwa mara na jambo la kumshangaza. Hufungua kitabu cha breli kilichohifadhiwa katika faili. Kisomaskrini, yaani programu ya kumtamkia yaliyomo kwenye kioo, badala ya kumsomea sentensi humrushia koma, tarakimu na herufi za ovyo. Aghalabu lawama huiendea programu. Lakini historia ikichunguzwa, itaonekana kwamba programu imesoma kwa uaminifu kile ilichokikuta. Asili ya utatanishi ni ya zamani zaidi kuliko visomaskrini vyenyewe, iwe ni JAWS ya mwaka 1989 au NVDA ya mwaka 2006.

Louis Braille, aliyezaliwa Coupvray, Ufaransa, mwaka 1809, alitangaza mfumo wake mwaka 1829. Nukta sita za seli moja huzaa maumbo 64, ukihesabu na seli tupu. Maumbo hayo hayatoshi kubeba herufi ndogo na kubwa, tarakimu na vituo, kila kimoja kwa umbo lake. Kwa hiyo umbo moja hubeba kazi kadhaa: herufi a hadi j huwa tarakimu zikitanguliwa na alama ya namba, na herufi kubwa ni herufi ndogo iliyotanguliwa na nukta ya 6. Vidole vya msomaji mzoefu huyajua haya bila kufikiri. Mashine haifikiri wala haina vidole.

Msimbo wa ASCII, unaoipa kila alama ya chapa namba yake ndani ya kompyuta, ulitolewa Marekani mwaka 1963. Mnamo mwaka 1969 hivi, wataalamu wa huko huko waliteua alama 64 za msimbo huo ziziwakilishe seli 64 za breli, ili kompyuta iweze kuamuru mashine ya kuchapa breli. Herufi a ilipewa seli ya a, na hapo hapakuwa na taabu. Tarakimu zilifuata breli ya hisabati ya Abraham Nemeth, ambamo tarakimu hushushwa chini ndani ya seli. Matokeo yake ni kwamba nukta ya 2, ambayo katika breli ya kawaida ni koma, iliandikwa 1. Kituo kikubwa kikaandikwa 4. Na koma ya ASCII ikageuka kuwa alama ya herufi kubwa. Hivyo sentensi “Mtoto alisoma vitabu 12, akalala.” huhifadhiwa hivi:

,mtoto alisoma vitabu #ab1 akalala4

Maandishi hayo hayakukusudiwa macho wala masikio. Yalikusudiwa mashine, na mashine iliyatekeleza barabara.

Taabu ilizuka faili hizo, ambazo majina yake huishia kwa herufi brf, zilipotoka kwenye mashine na kuingia mikononi mwa wasomaji. Ndani yake hamna neno lolote linalosema “hii ni breli”. Kwa kisomaskrini ni maandishi kama barua yoyote. Hali huwa mbaya zaidi pale msomaji anapotumia kifaa cha kuonyesha breli, ambacho vijipini vyake huinuka chini ya vidole; programu hudhani imepewa maandishi ya chapa, ikayatafsiri kwa breli mara ya pili, na ile 4 ya kituo ikawa alama ya namba ikifuatwa na d. Dawa ni kuizima tafsiri: huchaguliwa jedwali la breli ya kompyuta la Amerika Kaskazini, ambalo hurudisha kila alama kwenye seli yake moja. Anayetaka kusikiliza hana budi kwanza kuirejesha faili katika maandishi ya kawaida kwa programu ya kutafsiri breli.

Ugumu mwingine ni wa lugha, na huu wawahusu zaidi wasemaji wa Kiswahili. Breli ya Kiingereza imejaa vifupisho, vilivyokubaliwa baina ya Uingereza na Marekani mwaka 1932 na kurekebishwa baadaye. Marekani ilipoanza kutumia breli mpya ya pamoja tarehe 4 Januari 2016, vifupisho tisa viliachwa. Jedwali la Kiingereza likiachwa lifanye kazi juu ya maandishi ya Kiswahili, “thelathini” huanza kwa seli ya neno la Kiingereza “the”, na “sanduku” humeza seli ya “and”. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza vifupisho hivyo atabahatisha. Mtoto anayeanza kusoma kwa lugha yake atakwama, naye ndiye hudhaniwa hajui kusoma.

Tahajia iliyosanifishwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 haina vialama juu ya herufi, na kwa hiyo maneno ya Kiswahili hupita katika ASCII salama. Kipo kijialama kimoja tu cha kuangaliwa, cha ng'. Programu za kuandikia hukipinda. Kisha faili iliyohifadhiwa kwa UTF-8 ikisomwa kwa msimbo wa zamani wa Windows, alama tatu za kigeni hujitokeza katikati ya neno. Kikifutwa kabisa, “ng'oa” husomwa “ngoa”, na kazi ya shamba ikawa wivu. Inafaa kuandika kijialama kilichonyooka, na kuifungua faili kwa msimbo ule ule uliotumika kuihifadhi.

Mwaka 1999 toleo la 3.0 la Unicode lilizipa seli za breli nafasi zake 256, zikiwamo zile za nukta nane, mbali na alama za chapa. Humo seli ni seli, haiwezi kudhaniwa koma. Hata hivyo maktaba na mashine za kuchapa zimeendelea na faili za brf, na kisomaskrini kikikutana na seli ya Unicode mara nyingi hakitamki herufi m, bali hutaja nukta zake: 1, 3, 4.