Waliopona Hawana Historia

Ukishuka stendi ya Kisumu ukaambia mtu wa boda akupeleke Russia, hatakuuliza pasipoti. Atakushusha kwenye lango la hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Jina lilitokana na msaada wa Wasovieti walioijenga. Kenyatta aliifungua Oktoba 1969, na siku hiyohiyo umati ukafyatuliwa risasi. Wazee wa hapa wanaikumbuka hospitali hii kwa damu kabla ya kuikumbuka kwa dawa.

Watoto wenye kansa hutibiwa humo pia. Kansa moja inawashika sana watoto wa kandokando ya Nam Lolwe: limfoma ya Burkitt, inayovimbisha taya au tumbo. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo historia yake nimejisomea tu, usiku, bando ikiwa bei nafuu.

Inasimuliwa hivi. Mwaka 1957, pale Mulago, Kampala, daktari Mwairishi Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye, Jinja, akamwona mwingine kama yeye. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili waliingia kwenye gari kuukuu, wakazunguka kama kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali: mmewaona watoto hawa? Ramani ikaonyesha ugonjwa unafuata joto na mvua, kule malaria iliko. Mwaka 1964, London, Epstein, Achong na Barr wakapata kirusi ndani ya seli zilizotumwa kutoka Uganda.

Halafu zikaja dawa. Mashine za mionzi hazikuwepo Kampala, hivyo Burkitt alijaribu kemo. Watoto wengine walipona kwa dozi moja au mbili tu, na mwaka 1967 akachapisha habari zao. Swali la madaktari lilikuwa moja: bado yuko hai? Lilikuwa swali la haki. Lakini hata lengo la Shirika la Afya Duniani la 2018, kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye kansa wawe wanapona, linahesabu walio hai. Wanaishije, hiyo haimo kwenye hesabu.

Namjua msichana mmoja wa mtaani kwetu aliyetibiwa akiwa shule ya msingi. Siku ya mwisho ya kemo watu walipika kuku, wakaomba, wakarudi makwao. Yeye akarudi darasani nyuma ya wenzake mwaka mzima, taya limepinda kidogo, na wenzake hawataki kunywa kikombe kimoja naye. Kansa haiambukizwi, lakini nani aliwaambia?

Limfoma hii ikirudi, mara nyingi hurudi mapema, ndani ya mwaka wa kwanza au hivi. Yeye amevuka huko kitambo. Bado, jino likiuma, halali. Na hapa Kisumu, ambapo homa ya malaria ni kama mgeni wa kila mvua, hebu fikiria ni mara ngapi mwili wake unamtisha. Akisema anaogopa, anaambiwa, "Shukuru Mungu, umepona." Anashukuru. Halafu ananyamaza.

Dawa ya ukimya huo si ghali. Kwenye kliniki, baada ya kupapasa tumbo na kupima damu, aulizwe pia analalaje. Mwalimu aelezwe kabla mtoto hajarudi darasani. Akutanishwe na mtu mzima aliyepitia hayo, aone kwamba mtu hukua, hufanya kazi, huzeeka.

Na watu hao wapo. Mtoto aliyepona miaka ya sitini leo ana umri wa nyanya yako. Picha za taya zao ziko vitabuni. Sauti zao sijazipata. Kama kuna mmoja ukoo wenu, kaa naye jioni moja. Usimuulize dawa aliyopewa, muulize alirudije shuleni, na nani alicheza naye.